Nani Alipie Hifadhi? Fidia ya Mazingira na Mifuko ya Kudumu

Utangulizi

Katika ukingo wa milima ya Udzungwa, mahali ambapo mto Kihansi huporomoka kuelekea bonde la Kilombero, palikuwa na eneo dogo la majani mororo lisilozidi hekta 2 hivi. Usiku na mchana, masika na kiangazi, eneo hilo lililowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Humo aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, ambaye hata akikomaa hafikii urefu wa sentimita 3. Chura huyu hatagi mayai majini kama wafanyavyo jamaa zake wengi, bali huzaa watoto walio hai. Wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na hakuna mahali pengine duniani alipopata kuonekana akiishi kwa asili yake.

Lakini mto huo huo hushuka zaidi ya mita 800, na kwa mhandisi mshuko wa namna hiyo ni nguvu ya umeme. Mtambo wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulianza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Maji yalipoelekezwa ndani ya mwamba kwenda kuzungusha mashine, yaliyobaki katika maporomoko yalikuwa karibu sehemu moja tu katika kumi ya yale ya awali. Manyunyu yakatoweka, na majani yakaanza kukauka.

Taifa lilihitaji umeme, na haifai kumlaumu mtu kwa kuwasha taa. Hata hivyo, hapana budi tujiulize: faida ikigawiwa kwa wote, hasara aibebe nani? Makala hii inakusudia kueleza njia mbili ambazo mataifa mbalimbali yamezitumia katika kujibu swali hilo, yaani fidia ya mazingira na mfuko wa hifadhi, na jinsi njia hizo zinavyoweza kusaidiana.

Kwa nini hifadhi hukosa fedha

Kwa kawaida hifadhi hupata fedha kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni bajeti ya serikali, ambayo kila mwaka hugombewa na shule, hospitali na barabara. Msitu haupigi kelele ukipunguziwa fungu lake, kwa hiyo aghalabu hupunguziwa.

Ya pili ni viingilio vya watalii. Chanzo hiki ni kizuri, lakini huzinufaisha zaidi hifadhi chache zenye wanyama wakubwa. Msitu wenye vyura, vinyonga na chemchemi huvutia wageni wachache. Tena chanzo hiki hutegemea mambo yatokeayo mbali na nchi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, idadi hiyo ilishuka hadi kiasi cha 620,000. Majangili na wachoma mkaa hawakwenda likizo mwaka huo.

Ya tatu ni misaada ya wafadhili. Misaada huja kwa muda wa miaka mitatu au mitano, kisha mradi hufungwa. Gari hubaki bila mafuta, na vijana waliofunzwa kulinda mipaka hurudi mashambani.

Kasoro iliyo katika vyanzo vyote vitatu ni moja: kazi ya kutunza hifadhi haina mwisho, lakini fedha zake zina mwisho au hazina uhakika.

Fidia ya mazingira ni nini

Fidia ya mazingira ni wajibu wa mwenye mradi kulipia madhara ambayo mradi wake utaleta katika mazingira, na ambayo hayawezi kuepukwa. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wataalamu hupanga hatua nne, nazo zafuatana kama vipandio vya ngazi:

1. Kuepuka madhara, mathalani kwa kuchagua mahali pengine pa kujenga.
2. Kupunguza madhara yasiyoepukika, mathalani kwa kuacha maji ya kutosha yapite mtoni.
3. Kurudisha hali iliyoharibika, mathalani kwa kupanda tena miti ya asili.
4. Kufidia yale yaliyosalia, kwa kulinda mahali pengine penye thamani inayolingana.

Anayerukia hatua ya nne bila kupitia tatu za mwanzo hafidii, bali ananunua ruhusa ya kuharibu.

Tuitazame Kihansi kwa ngazi hiyo. Chura aligunduliwa ujenzi ukiwa tayari unaendelea, kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita. Hatua ya pili ilifanyika baadaye, maji kiasi yalipowekewa sharti ya kuachwa yapite. Kwa hatua ya tatu, palitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, yanayosukumwa na mteremko wenyewe, ili kuiga manyunyu ya asili. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili uzao usipotee.

Mabomba yalileta matumaini. Kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura waliokadiriwa kuwamo bondeni walikuwa zaidi ya 17,000. Kisha, katika muda wa miezi michache, wakatoweka. Katika miili ya waliokufa ilikutwa kuvu inayoua vyura katika sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Wale waliozaliana Marekani ndio waliookoa jina lake: mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha bondeni ikaanza.

Jambo la kujifunza hapa ni hili: fidia iliyokuja ikiwa imechelewa iligharimu fedha nyingi, safari ya kuvuka bahari na kazi ya miaka mingi, na hata hivyo haikurudisha yote. Aidha, mabomba yale yahitaji kusafishwa na kutengenezwa muda wote mtambo utakapokuwapo. Gharama ya namna hiyo haiwezi kubebwa na mradi wa miaka mitano.

Kiasi cha fidia kipimwe namna gani

Brazili ni nchi iliyoliwekea jambo hili sheria ya wazi. Kifungu cha 36 cha Sheria namba 9.985 ya mwaka 2000 kilimtaka kila mwenye mradi wenye madhara makubwa achangie kuanzisha au kutunza eneo la hifadhi, kwa kiasi kisichopungua nusu ya asilimia moja ya gharama ya mradi. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali kanuni ya fidia, lakini ikakiondoa kima hicho cha chini, kwa hoja kwamba fidia yapasa ilingane na madhara, si na gharama. Mwaka 2009 amri ya serikali iliweka kanuni ya kukadiria ukubwa wa madhara, lakini nusu ile ya asilimia, ambayo hapo kwanza ilikuwa kima cha chini, sasa ikawa ndiyo kima cha juu.

Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Kiwanda chaweza kuwa cha gharama kubwa kwa sababu kimenunua mitambo ya kusafisha moshi. Si haki kilipe zaidi kwa wema wake. Lakini kima cha juu nacho huweza kumwachia mharibifu mkubwa deni dogo. Upimaji wa madhara ni kazi ya sayansi, na sayansi isipoitwa mapema, mizani hushikwa na mwenye kulipa.

Uganda nayo yatoa funzo. Maporomoko ya Bujagali, katika mto Naili, yalipofunikwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, serikali iliahidi kwa mkataba kwamba maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini zaidi mtoni, yangehifadhiwa kuwa fidia. Baadaye likajengwa bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, na maji yake yakafunika sehemu ya eneo lile la fidia, hata ikalazimu mapatano yatazamwe upya. Fidia, basi, si ahadi ya siku moja. Ni lazima iwe na mlinzi.

Mfuko wa hifadhi hufanyaje kazi

Mkulima mwenye busara hunywa maziwa na kumtunza ng'ombe. Mfuko wa kudumu wa hifadhi wafuata kanuni hiyo hiyo: mtaji huwekwa katika vitega uchumi, nayo matumizi hutoka katika faida peke yake. Ipo pia mifuko ya aina nyingine. Kuna ule ambao mtaji wake hutumiwa kidogo kidogo mpaka uishe katika muda uliopangwa, na kuna ule unaojazwa kila mwaka kwa tozo, ada au fidia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfuko una mtaji wa dola 7,000,000, na mwaka huu umepata faida ya asilimia 7, yaani dola 490,000. Je, zote zitumiwe? La. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 3, yapasa dola 210,000 zirudishwe katika mtaji ili nguvu yake ya kununua isipungue. Zinazobaki kwa matumizi ni dola 280,000, na humo ndimo mishahara na gharama za ofisi zitakamotolewa pia. Mwaka ujao faida ikiwa asilimia 2 tu, yaani dola 140,000, haitatosha hata kuulinda mtaji. Kwa sababu hiyo mifuko mingi hutumia wastani wa miaka kadhaa, wala haifuati neema ya mwaka mmoja.

Hesabu hiyo yaweza kugeuzwa. Hifadhi inayohitaji dola 100,000 kila mwaka bila kikomo, kwa faida halisi ya asilimia 4, yahitaji mtaji wa dola 2,500,000. Fedha hizo hizo zikitumiwa kama mradi wa miaka mitano zingetoa dola 500,000 kila mwaka, kisha zingekwisha. Njia ya pili hupendeza zaidi katika taarifa. Njia ya kwanza huilinda hifadhi hata wajukuu wetu waikute.

Hapa kwetu upo Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye makao yake Morogoro. Mtaji wake wa mwanzo, dola milioni 7, ulitolewa na Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia Benki ya Dunia. Milima hiyo, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana penginepo. Ni chimbuko la maji pia: mto Ruvu, unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam, hutoka Uluguru. Mfuko husaidia ulinzi wa misitu, utafiti, na kazi za vijijini kama ufugaji wa nyuki, mabwawa ya samaki na vitalu vya miche. Uganda ilitangulia kwa mfuko wa Mgahinga na Bwindi, ulioanzishwa mwaka 1994 katika makazi ya gorila wa milimani, ambao ulipanga asilimia 60 ya matumizi yake iende kwa wananchi wanaouzunguka msitu, 20 kwa utafiti na 20 kwa uendeshaji wa hifadhi. Mgawo huo una haki ndani yake, kwani aliyekatazwa kuni na dawa za msituni ndiye aliyetangulia kulipa.

Kuviunganisha viwili hivi

Fidia huleta fedha nyingi kwa mara moja. Hifadhi huhitaji fedha kidogo kwa miaka mingi. Mfuko ndio mtungi unaopokea mvua ya siku moja na kuyaweka maji kwa kiangazi chote. Nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wajibu wa kutathmini athari za miradi kabla haijaanza, na imeanzisha pia Mfuko wa Taifa wa Mazingira. Msingi wa kisheria, basi, upo.

Lakini yako masharti. Bodi ya wadhamini iwe na watu wa serikali, wataalamu na wananchi, pasiwe na upande mmoja unaoweza kuchota peke yake. Hesabu zikaguliwe na kutangazwa. Fedha za mfuko ziongezee bajeti ya serikali, zisiwe sababu ya kuipunguza. Nayo fidia ya mahali fulani ipatumikie mahali pale, au mahali pa namna ile. Msitu wa mlimani haufidiwi kwa mikoko ya pwani.

Hitimisho

Fedha peke yake haiumbi kiumbe kilichotoweka. Kuvu iliyoua vyura wa Kihansi haikuuliza mfuko una kiasi gani. Lakini bila fedha ya kudumu hapangekuwa na mabomba, wala watunzaji, wala vyura wa kurudisha. Taa iwakapo nyumbani usiku, yafaa tukumbuke kwamba katika bei ya umeme ule kuna sehemu ambayo mto umetukopesha. Mkopo hulipwa, na heri ulipwe mapema.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo lako ni mradi gani umebadilisha mto, msitu au pwani? Ni hatua zipi kati ya zile nne zilizofuatwa?
2. Hifadhi yahitaji dola 60,000 kila mwaka. Kwa faida halisi ya asilimia 4, mtaji uwe kiasi gani?
3. Je, ni haki fidia ipimwe kwa gharama ya mradi au kwa ukubwa wa madhara? Toa sababu zako.