Mjomba Akujibu: Pointi 11,400 na Mapacha wa Mwanza

Mjomba,

Mimi ni mtumishi wa chuo kimoja hapa Morogoro, nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Mama yangu yuko Kinole, huko mlimani tulikozaliwa. Mdogo wangu wa kike ameolewa Mwanza, na Agosti alijifungua mapacha. Mama hajawaona. Magoti yake hayawezi tena basi la kutwa nzima, kwa hiyo niliapa kumpandisha ndege.

Mwaka juzi benki ilinipa kadi ya mkopo iliyounganishwa na shirika moja la ndege la nje. Kila nikitumia sh 2,000 napata pointi moja. Aliyenifungua macho ni binamu yangu aliyeko Texas. Anasema mwaka jana yeye na mumewe walisafiri bila kulipa nauli, kwa pointi za manunuzi ya Krismasi. Akanifundisha na ujanja: Desemba iliyopita niliwaomba wenzangu ofisini orodha zao za zawadi, mimi nichanje kadi, wao wanipe keshi. Wote walilipa isipokuwa mmoja, namdai sh 340,000 mpaka leo. Deni hilo bado liko kwenye kadi, kila mwezi nalipa riba tu na kijisehemu kidogo. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi.

Sasa nina pointi 11,400. Tiketi ya Dar kwenda Dubai na kurudi ni pointi 40,000. Ya Mwanza sikuiona kwenye jedwali lao, ila nadhani ni pungufu. Tatizo ni kwamba pointi zangu zinaisha muda mwezi Machi. Zawadi za mwaka huu, kama sh milioni 1.2, nimepanga kwenda kuzinunua Dar kwenye maduka yenye mashine za kadi, badala ya Soko la Kingalu. Mume wangu anasema nimerogwa. Nifanyeje niongeze pointi haraka kabla ya Machi?

Mhesabu Pointi, Kihonda

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mjomba, nikafurahi kuona kuna mtoto anayemkumbuka mama yake kwa vitendo. Mara ya pili niliisoma kama karani wa benki mstaafu, nikatafuta miwani.

Nianze na ile sentensi uliyoipitisha haraka kama mtu anayeruka dimbwi: “Ya Mwanza sikuiona kwenye jedwali lao.” Hukuiona kwa sababu haipo. Shirika la ndege la nje linakuja Dar, linashusha, linapakia, linarudi kwao. Halibebi abiria wa Dar kumpeleka Mwanza. Safari za ndani ni za mashirika ya hapa, kama Air Tanzania na Precision Air. Ingewezekana tu kama hilo shirika lako lingekuwa na mkataba wa kubadilishana pointi na mojawapo ya haya, na kama lingekuwa nao ungeuona kwenye jedwali hilohilo. Kwa hiyo umekusanya kwa miaka miwili kuponi za duka lisilouza unachokitaka. Mama anataka kwenda Mwanza, pointi zako zinataka kwenda Dubai.

Tuseme hata hivyo unaendelea. Umebakiza pointi 28,600. Kwa kiwango chako hizo ni manunuzi ya sh milioni 57.2. Zawadi zako za milioni 1.2 zitakupa pointi 600. Nimegawa, nikarudia kugawa: utahitaji Krismasi 48 za aina hiyo. Hao mapacha watakuwa na wajukuu. Hata siku ukifika, tiketi ya pointi haiji bure kabisa, kwa sababu kodi na tozo za viwanja vya ndege kwa kawaida unalipa mwenyewe, kwa fedha.

Thamani ya pointi moja nayo tuipime. Tiketi ya Dubai tuiweke sh milioni 1.2. Ukigawa kwa pointi 40,000, kila moja ina thamani ya sh 30. Kwa hiyo pointi 600 za Krismasi nzima ni sh 18,000. Nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida kutoka Morogoro hadi Dar, kama ilivyotangazwa treni ilipoanza mwaka 2024, ni sh 13,000. Kwenda na kurudi ni sh 26,000, kabla hujanywa chai na kabla hujachukua bodaboda. Unakwenda Dar kuchota ndoo moja ya maji kwa gharama ya ndoo moja na nusu.

Na hapo sijaanza kuizungumzia Kingalu. Duka la Dar lina bei iliyobandikwa. Huwezi kumwambia binti wa kaunta “nipunguzie, nachukua tatu.” Pale Kingalu unaweza, tena usipofanya hivyo muuzaji mwenyewe anakuona mgonjwa. Ukichukua doti tano za khanga na vitenge vya mashangazi kwa mtu mmoja, punguzo lake peke yake linaweza kuzila hizo sh 18,000 zikaisha. Yeye hana mashine ya kadi, ana kibandiko cha lipa namba ukutani. Kuna pia maduka yenye mashine yanayotaja bei mbili, ya kadi juu na ya keshi chini. Mimi duka moja liliniambia “mtandao hamna” mpaka nilipotoa noti, mtandao ukarudi papo hapo. Kwa hiyo kabla hujachomoa kadi, uliza: nikilipa keshi ni ngapi? Tofauti ikizidi asilimia moja na nusu, ambayo ndiyo faida yako yote ya pointi, rudisha kadi pochini.

Sasa binamu yako wa Texas. Hakukudanganya, ila hakukwambia yote. Ukichanja kadi, mwenye duka hapokei fedha yote. Kipande kinakatwa, kinagawanywa kati ya benki yake, benki yako na wenye mtandao wa kadi, Visa au Mastercard. Pointi zinatoka kwenye kipande hicho. Marekani kipande ni kinono, kwa kadi za mkopo huwa karibu asilimia 2 na mara nyingi zaidi, ndiyo maana benki za huko zinaweza kugawa safari. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka ukomo wa sehemu inayokwenda benki ya mwenye kadi: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi na 0.2 kwa kadi za kawaida za akaunti. Kipande kilipokonda, zawadi nyingi za kadi za huko zikakonda nazo. Aidha, Wamarekani wengi wanaosema wameruka bure hawakuruka kwa zawadi za Krismasi. Wamefungua kadi mpya, wakapewa maelfu kwa maelfu ya pointi za kukaribishwa, kisha Krismasi ikawasaidia kufikisha kiwango cha matumizi kilichotakiwa. Muulize binamu yako alifungua kadi lini. Naweza kubashiri jibu.

Kuna pia mfuko wa pili unaolisha pointi, nao ni riba. Huko Marekani riba ya kadi imepita asilimia 20 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni, na wanaoilipa ni wale wanaobeba deni mwezi hadi mwezi. Anayelipa ankara yote kwa wakati hatozwi riba, anakula pointi. Anayechelewa ndiye anayemlipia mwenzake nauli. Riba yako ya asilimia 3 kwa mwezi ni asilimia 36 kwa mwaka. Sasa jiangalie, mpwa wangu, uko upande upi wa meza hiyo.

Nakuonyesha. Zile sh 340,000 za mwenzako zilikupa pointi 170, sawa na sh 5,100. Riba ya mwezi mmoja tu juu ya fedha hizo ni sh 10,200. Ulipoteza faida yote katikati ya mwezi wa kwanza, na sasa ni karibu mwaka. Ubaya mwingine hauonekani kwa macho: kadi nyingi hukupa siku kadhaa za kutotozwa riba pale tu unapokuwa umemaliza deni la nyuma. Ukibeba deni, kila kitu kipya unachochanja kinaanza kutozwa riba siku hiyohiyo. Maana yake ni kwamba sukari, mafuta ya gari na sare za shule ulizochanja mwaka huu ukidhani unavuna pointi, huenda zote zilikuwa na mdudu huyo wa riba. Nenda benki, omba taarifa ya kadi ya miezi 12, tafuta mstari wa riba, jumlisha. Usimwonyeshe mume wako mpaka umeketi.

Lakini umeniuliza swali na sitalikwepa kwa mahubiri: pointi zinaongezwaje? Kwanza deni liishe, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Kisha unachanja yale tu ambayo ungeyanunua hata kama pointi zisingekuwepo, mahali ambapo bei ya kadi na ya keshi ni moja: mafuta, bima ya gari, supamaketi. Matumizi makubwa ya mwaka ndiyo yenye uzito, zawadi ni vijisenti. Ada za Januari zingekufaa sana, ila shule nyingi zinataka fedha iingie benki au kwa namba ya malipo. Uliza, usidhani. Usitoe kabisa keshi ATM kwa kadi ya mkopo. Kwa kawaida haina pointi, na riba inaanza kabla hujahesabu noti. Ukinunua vya mtandaoni kutoka nje, kuna makato ya kubadilisha fedha za kigeni, nayo yanaweza kuzidi pointi utakazopata. Na ukirudisha bidhaa, pointi zinarudi zilikotoka.

Mwisho wa mwaka benki hutoa kampeni. Soma kama wanatoa pointi au wanachezesha droo. NMB, kwa mfano, imekuwa ikirudia kampeni yake ya MastaBata kuwahamasisha wateja walipe kwa kadi badala ya kutoa keshi, na zawadi zake zimewahi kuwa fedha na hata safari. Hiyo ni droo. Ukishinda, piga vigelegele, lakini usinunue friji ya pili ili jina lako liingie kwenye kapu.

Kuhusu ule ujanja wa kuwachanjia wenzako: si wizi, ila uligeuka benki bila leseni na bila dhamana. Kama utarudia, fedha iingie kwenye simu yako kwanza, uione, ndipo kadi itoke. Na huyo wa 340,000 mwandikie ujumbe mmoja, wenye kiasi, tarehe ya mwisho, na pendekezo la awamu tatu kama mshahara wake ni mwembamba. Usiweke vikatuni vya kucheka mwishoni. Wewe umekuwa ukiweka, najua, ndiyo maana hajalipa.

Pointi 11,400 ulizonazo, kwa bei ya juu kabisa, zina thamani ya sh 342,000. Yaani umekusanya kwa miaka miwili kiasi kilekile alichokukalia mwenzako. Usizitupe, lakini usizikimbize pia. Piga simu kwa shirika kabla ya Machi uulize mambo mawili: je, muda unaweza kusogezwa, na je, zinaweza kulipia sehemu ya nauli au kubadilishwa kwa vocha? Vocha huwa na thamani ndogo kuliko tiketi. Chukua hivyo hivyo. Ila ukiambiwa “nunua cha 500,000 tu ili pointi zisife,” aga kwa adabu ukate simu.

Sasa mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mapacha wa binti yake ni watu wake hasa, watakaosema “sisi wa Kinole” siku moja, hata kama wamezaliwa kando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo safari hii haisubiri. Desemba nauli za ndege hupanda na kila mtu anasafiri. Mwache ale sikukuu nyumbani, mshushe mjini mwishoni mwa Januari au Februari, mpandishe SGR hadi Dar, alale kwa ndugu, asubuhi aende Mwanza kwa ndege ya hapahapa. Kata tiketi mapema, kwa fedha, kwa jina lake lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kama shirika hilo la ndani lina mpango wa wasafiri wa mara kwa mara, mwandikishe: hizo ndizo pointi zinazotokana na safari yenyewe. Zawadi za Kingalu zipunguze ziwe za laki nane badala ya milioni 1.2, hiyo laki nne ikae pembeni kwa ajili ya tiketi. Mashangazi wa mlimani wakijua fedha imekwenda kwa mama na mapacha, hakuna atakayeuliza kitenge cha pili.

Lakini kabla ya yote panda Kinole Jumamosi hii umuulize mwenyewe kama anataka kupanda ndege, maana katika barua yako yote sikuona mahali ulipomuuliza. Akikubali, uliza shirika uzito wa mzigo unaoruhusiwa kabla ya kulipa. Mama wa Kinole haendi kuona wajukuu mikono mitupu. Atashuka na ndizi, mdalasini na fenesi lililoiva, na fenesi ndani ya ndege halijui kunyamaza.