Sema kwa Sindano

Je, kuna jambo limekukaba koo, hata rafiki yako hujamwambia? Jaribuni hili kwenye klabu yenu ya shule hapo Ukonga. Chagueni neno moja, mfano "unyanyapaa". Kila mmoja alijibu kwa kitambaa cha ukubwa wa daftari, ndani ya wiki mbili.

Mabaki ya kanga na vitenge ombeni kwa fundi cherehani. Juu panga picha yako, katikati weka kipande cha blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima. Piga bandi, kisha shona tabaka zote tatu kwa mkono. Wavulana msikwepe! Mafundi wangapi mtaani ni wanaume?

Mwaka 1987 huko San Francisco, Marekani, Cleve Jones na wenzake walianza kuwashonea vitambaa waliokufa kwa UKIMWI. Oktoba mwaka huohuo vitambaa 1,920 vilitandazwa Washington, kila kimoja futi 3 kwa 6, karibu sawa na kaburi.

Siku ya kuonyesha, anayetaka kueleza aeleze, asiyetaka msimbane. Wala msiulizane nani ana virusi. Mwenye virusi akimeza ARV zake vizuri anasoma, anacheza mpira, anaishi miaka mingi. Ukiona kitambaa cha mwenzako "kinalia", kaa naye baadaye. Akikubali, nendeni wote kituo cha afya.