Fizi Kutoka Damu: Madini ya Chuma Yanahusikaje?

Madini ya chuma husaidia mwili kutengeneza damu, lakini yakizidi, mwili hauna njia ya kuyatoa. Kwa siku hupoteza miligramu 1 hadi 2 pekee, ilhali painti moja ya damu anayoongezewa mgonjwa huwa na miligramu 200 hadi 250. Ndiyo maana wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara hupimwa ferritini, yaani kiwango cha chuma kilichohifadhiwa mwilini.

Ugonjwa wa fizi huanza utando wa bakteria unapoachwa kwenye meno. Fizi huvimba na kutoka damu. Bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis hujipatia chuma kutoka kwa damu hiyo na kuzidi kuzaana. Uvimbe wa fizi nao unaweza kupandisha ferritini, hivyo majibu ya kipimo yasomwe na daktari.

Wakazi wanashauriwa:

• Mama mjamzito asiache vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zitoke damu kwa urahisi. Vidonge sivyo chanzo.

• Usinunue dawa za kuongeza damu bila kupimwa.

• Anayeongezewa damu mara kwa mara amweleze daktari wa meno.

• Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, fika kituo cha afya.