Wale wa Saa Kumi na Moja

Somo: Mathayo 20:1–16, 1 Wafalme 19:1–8



Nilipomaliza digrii ya biashara nilitarmaki miaka miwili. Kilichonichosha zaidi si kutembea na bahasha mjini, ni swali la pale mlango wa kanisa: "Umepata kitu?" Nikaanza kuchelewa ibada na kutoka kabla ya baraka. Watu wakasema nimepoa kiroho, wengine eti nimekuwa mvivu.

Mwaka 1931 Marie Jahoda na wenzake walianza kuchunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Watu walikuwa na muda tele, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Uvivu haukuwafukuzisha kazi. Kukosa kazi ndiko kulikowapunguza. Kumbe tunachokiita tabia ya mtu wakati mwingine ni kidonda.

Jahoda alieleza baadaye kwamba kazi hutupa zaidi ya mshahara: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja, heshima katika jamii, na shughuli. Nawe uliyeajiriwa, kama mshahara unaingia na moyo bado uko chini, jiulize ni kipi kati ya hivyo kimekosekana.

Sasa mwangalie mwenye shamba. Saa kumi na moja anakuta watu wamesimama tu. Wanamwambia hakuna aliyewaajiri. Hawahubirii! Anawapa kazi, na jioni ANAWALIPA. Kanisa, tusikie hapo. Tusimwite mhitimu wetu kupanga viti na kushughulikia vyombo vya sauti bure kila Jumamosi, halafu tuseme ni huduma. Una duka, shamba au lori? Hata kazi ya siku mbili ni kazi. Mlipe.

Ndugu unayetarmaki, amka saa ile ile kila siku, oga, usijifungie. Na ukianza kutamani kufa, niambie leo, twende hospitali pamoja. Eliya pia aliomba afe. Mungu alimpa usingizi na mkate kwanza, safari baadaye.

Zoezi la wiki: Usiulize "Umepata kitu?" Uliza, "Umekula? Kesho tukutane saa ngapi?"