KUSAHAU SI ULOZI: Namna ya kuwasaidia wazee wetu kulinda akili



Katika likizo iliyopita jambo moja lilitokea mu kartie yetu. Muzee mwanamuke mmoja alikutwa usiku katika kiwanja cha watu wengine. Alikuwa pasipo viatu, akipapasa ukuta na kutafuta mulango wa nyumba yake, kumbe nyumba yake iko ngambo ingine ya barabara. Vijana wakaanza kupiga kelele: «Huyu ni mulozi, njo anatembea usiku!» Wengine walikwisha kuokota mawe. Kwa bahati mujukuu wake akafika mbio, akamushika mukono, akamurudisha nyumbani. Sisi tulikuwa pale. Tulitazama tu, hatukusema neno. Njo maana tunaandika somo hili.

1. KUSAHAU KUNATOKA WAPI?

Mutu akizeeka, akili yake inakawia kidogo, sawa vile miguu yake inakawia. Anatafuta jina la mutu, halionekani, kisha linarudi saa ya kula. Hiyo hapana ugonjwa. Hata sisi tunasahau jiografia siku ya mutihani!

Lakini kuko kusahau kwingine. Muzee anapotea katika njia aliyopita miaka 30. Anauliza neno lile lile mara tano kwa saa moja. Anaacha chungu juu ya moto mpaka kinaungua, na kesho tena vile vile. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka wa 1906 munganga mumoja Mudachi, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya waganga wenzake habari ya mwanamuke aliyemupima katika mji wa Frankfurt. Mwanamuke yule alipokufa, munganga alichungua ubongo wake kwa mikroskopi, akaona namna ulivyoharibika. Basi ugonjwa huu una alama zake katika mwili, kama magonjwa mengine.

Mara nyingi katika ugonjwa huu mambo mapya yanapotea mbele, na ya zamani yanabaki. Nkambo anasahau kama amekwisha kula, lakini wimbo wa siku ya ubatizo wake anauimba mpaka mwisho. Labda muzee yule wa kartie yetu alikuwa akitafuta nyumba ya ujana wake.

Tena si kila kuchanganyikiwa kunadumu. Homa ya malaria, kukosa maji mwilini, dawa zilizochanganywa ovyo, ao huzuni kubwa kisha kufiwa, yote yanaweza kuvuruga akili ya muzee, na akitunzwa anaweza kupona. Kwa hiyo akibadilika gafula, tumupeleke upesi ku kituo cha afya. Hapana kwenda mbele kwa mutu wa kuagua.

2. WAZEE WA ZAMANI WALIKUMBUKA NAMNA GANI?

Katika inchi ya Waluba, humu Katanga, kulikuwa chama cha Mbudye. Kazi yao ilikuwa kukumbuka: majina ya wafalme, safari zao, na mambo waliyofanya. Walishika ubao mudogo wa mti, jina lake lukasa, wenye shanga na michoro. Kidole kilipita juu ya shanga, mudomo ukaeleza habari, na watu wakasikiliza.

Angalieni mambo matatu: mukono unagusa, mudomo unasema, na kuko mutu wa kusikia. Muzee anayekaa peke yake nyuma ya nyumba, pasipo kazi na pasipo mutu wa kumuuliza, amekosa yote matatu.

3. MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Mwaka wa 2024 kamati moja ya waganga iliandika katika gazeti la Lancet, la Uingereza, ikihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau. Walisema kama mambo hayo yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 kwa 100 wangeweza kuepuka ugonjwa ao ungekawia kufika. Hakuna dawa ya kurudisha akili iliyoharibika, lakini kuko mengi ya kufanya mapema, na mengine hayaombi feza.

a) Masikio na macho. Mutu asiyesikia vema anaacha kuongea, na akili yake inalala. Tumupeleke apimwe masikio. Mara ingine ni uchafu tu umeziba. Macho vile vile: miwani, ao kupasuliwa utando wa jicho.

b) Tansio na sukari. Damu inayosukuma kwa nguvu sana inaharibu mishipa midogo ya ubongo, na mugonjwa hasikii maumivu. Apimwe, na dawa asiziache kwa sababu anajisikia muzima.

c) Kutembea. Aende ku shamba, ku soko, ku kanisa, kwa miguu kila siku, sawa na nguvu zake. Njia ikiwa mbaya, tumusindikize, maana kuanguka na kuumia kichwa kunaharibu ubongo.

d) Chakula na kinywaji. Sombe, lengalenga, maharagi, samaki, matunda, chumvi kidogo. Tumbako na pombe kali, lutuku zaidi, ni adui.

e) Kazi ya akili. Acheze kisolo na wajukuu, maana kuhesabu mbegu ni kazi ya kichwa. Asome Biblia kwa sauti, kisha aeleze alichosoma. Tumuombe atufundishe neno moja la luga yake kila jioni.

f) Kila kitu mahali pake. Funguo ku musumari mumoja tu, dawa katika kisanduku kimoja, na kaye moja ya kuandika mambo ya siku. Hii si haya. Hata mwalimu anaandika somo lake mbele ya kulifundisha.

4. MAMBO YA KUACHA

Hapa tunajisemea sisi wenyewe. Nkambo akiuliza mara ya pili, tunajibu: «Ulisha kuuliza ile!» Watoto wanacheka. Muzee anafunga mudomo, kesho haulizi tena. Tujibu mara ya pili kwa sauti ile ile ya kwanza.

Tena tunamunyanganya kazi, tukiwaza kama ni heshima. Tunasema: «Pumzika, nkambo, tutafanya sisi.» Kuchagua muchele, kusonga kamba, kuhesabu feza ya soko, yote tunaondoa mukononi mwake. Kisha tunashangaa: akili imekwenda wapi? Tumuachie kazi anayoiweza, hata kama anakawia.

Na neno lile la «mulozi», lisitoke katika kinywa chetu. Mutu akilisema mbele yetu, tusinyamaze. Amri ya tano inatuambia kuwaheshimu baba na mama, na haikusema tuache siku wanapotusahau. Muzee wa Zaburi ya 71 alimuomba Mungu asimutupe wakati wa uzee. Mara nyingi Mungu anajibu maombi kama haya kwa mikono ya watu wa nyumba.

Muzee yule angali anaishi. Jumamosi iliyopita tulikwenda watatu kumusalimia. Hakujua majina yetu. Tulimuuliza namna walivyokuwa wakivuna mutama zamani, akasema karibu saa nzima, na mikono yake ilikuwa ikionyesha.

MAULIZO
1. Eleza tofauti ya kusahau kwa uzee na kusahau kwa ugonjwa.
2. Kwa nini masikio mabovu yanaweza kudhoofisha akili?
3. Mbudye walitumia nini kwa kukumbuka, na sisi tunajifunza nini kwao?
4. Taja kazi moja uliyomunyanganya muzee wa nyumba yenu. Utamurudishia siku gani?