Somo la Vikundi: Kuchagua Kituo cha Kulelea Mtoto Mchana

Madhumuni: Baada ya somo hili wanachama waweze kukipima kituo kabla ya kumwacha mtoto humo, na katibu aweze kuongoza mjadala wa chama kinachofikiria kuanzisha kituo chake.

1. Jambo hili linakihusuje chama?

Kahawa ikiiva haingoji. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili huwa na njia tatu. Akimbeba hadi shambani, mtoto hushinda juani, karibu na dawa za kunyunyizia. Akimwachia dada yake wa darasa la tatu, dada hukosa masomo, na mtoto wa miaka tisa hawezi kumwokoa mdogo wake na moto wala kisima. Njia ya tatu ni kituo, nayo ni njema iwapo kituo ni chema. Mwaka 1995 Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani ulipotangaza misingi saba ya ushirika, msingi wa saba ulikuwa kuijali jamii. Malezi ya watoto wa wanachama ni sehemu ya msingi huo.

2. Sheria inasemaje?

Tanzania Bara, vituo hivi vilitungiwa sheria yake mwaka 1981. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo nayo inataka vituo visajiliwe. Kwa hiyo mzazi aanze kwa kuomba kuona hati ya usajili. Akiwa na shaka, amwulize afisa ustawi wa jamii. Lakini hati huonyesha kwamba kituo kilikubaliwa siku ya ukaguzi; hali ya leo mzazi huiona kwa macho yake mwenyewe.

3. Mambo ya kutazama

Kituo kitembelewe mara mbili: kwanza kwa miadi, kisha bila taarifa, saa ya uji au ya usingizi.

(a) Idadi ya walezi. Kipimo chepesi ni hiki: moto ukizuka, je, walezi waliopo wanaweza kuwatoa watoto wote? Mlezi mmoja hawezi kubeba wachanga wanne kwa pamoja. Kadiri watoto walivyo wadogo, ndivyo walezi wanavyotakiwa kuwa wengi.

(b) Mlezi mwenyewe. Mtoto humzoea mtu, hazoei jengo. Iulizwe walezi wamekaa hapo muda gani, kwa maana kila mlezi anapoondoka mtoto huanza upya. Itazamwe kama watoto huitwa kwa majina, na mtoto akilia ni nani anayemwinamia. Watoto arobaini waliokaa kimya mkekani, mikono kifuani, wasisifiwe kwa nidhamu. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kucheza, kuzungumza na kuuliza. Sare na nyimbo za Kiingereza si kipimo cha malezi.

(c) Chakula na maji. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 au 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23, mara 3 au 4, pamoja na maziwa ya mama. Mzazi aulize mtoto hula mara ngapi kituoni ili nyumbani akamilishe. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa na kufunikwa, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo.

(d) Usalama. Kisima kifunikwe, jiko litengwe, tundu la choo liwafae wadogo. Liwepo daftari la watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto.

(e) Afya. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Kituo kisichouliza kadi ya kliniki hakiwalindi watoto waliomo.

(f) Mlango. Kituo kinachomzuia mzazi kuingia wakati mtoto wake yumo, kisichaguliwe.

4. Baada ya kuchagua

Mtoto azoeshwe kwa saa chache kwanza. Kulia siku za mwanzo ni kawaida. Lakini akikonda, akimwogopa mlezi fulani au akionekana na alama mwilini, mzazi asingoje: amwone afisa ustawi wa jamii au apige simu 116, ambayo hailipiwi.

5. Wajibu wa chama

Chama kinachotaka kituo chake kipeleke makisio mbele ya mkutano mkuu. Jengo laweza kuwa la kawaida, ila ghala lililowahi kuwekwa dawa za mimea lisitumiwe kamwe. Ujira wa walezi ndio fungu ambalo wajumbe hushawishika kulipunguza kwanza, na ndilo lisilofaa kupunguzwa: mlezi asiyelipwa vizuri huondoka, na thamani ya kituo huondoka naye.

Maswali ya kujadiliwa

1. Msimu uliopita, watoto wadogo wa wanachama waliachwa na nani?
2. Ni wanafunzi wangapi walikosa shule kwa ajili ya kulea?
3. Kituo kilicho karibu kinatimiza mambo mangapi kati ya (a) hadi (f)?
4. Chama kinaweza kuchangia nini kabla ya msimu ujao?

Katibu aandike majibu katika kitabu cha mihutasari na kuyasoma katika mkutano wa wanachama.