SOMO: KUANZA KAZI YA UENDESHAJI WINCHI. MFANO WA MACHIMBO YA BATI, KARAGWE NA KYERWA

Somo hili linawahusu vijana waliomaliza skuli, wazazi wao, na maofisa wanaopitisha maombi ya mafunzo ya ufundi. Hapa Visiwani, anapotajwa mwendesha winchi fikra huenda moja kwa moja bandari ya Malindi. Ipo hata hivyo winchi nyingine, duni kwa umbo, inayoonyesha wajibu wa kazi hii waziwazi zaidi: ile iliyosimamishwa juu ya shimo la madini, ambako mwendeshaji hamwoni mtu aliye mwisho wa kamba.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zimo Mkoa wa Kagera, mpakani na Rwanda na Uganda. Zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012. Bati, nalo si mabati ya kuezekea bali madini yenyewe, limechimbwa huko tangu enzi za ukoloni. Leo sehemu kubwa ya kazi imo mikononi mwa wachimbaji wadogo. Winchi yao ya kawaida ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mpini, kamba na ndoo. Mwenye mtaji hufunga mota.

Mwanafunzi na aanze na uzito, kwani hapo ndipo macho hudanganya. Jiwe safi la bati lina uzito wa takriban mara 7 ya maji ya ujazo ule ule, ilhali mawe ya kawaida hayafiki mara 3. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Ikijazwa bati lililopondwa na kusafishwa, hukaribia kilo 80. Ndoo ni ile ile na kamba ni ile ile, wala kwa juu hakuna anayeona tofauti. Mwendeshaji aliyezoea kupandisha udongo asubuhi huweza kukata kamba mchana kwa ndoo ambayo haikujaa hata nusu. Kwa hiyo kipimo cha mzigo hupangwa kwa kilo, si kwa ndoo.

Jambo la pili ni kamba. Kanuni inayofuatwa kwa kawaida ni kwamba nguvu ya kukatika iwe angalau mara 5 ya mzigo, na mara 10 pale anapopandishwa mtu. Katika ngoma ya winchi mizunguko isipungue 3 wakati ndoo iko chini kabisa. Kamba ya katani iliyolowa mvua za masika na kuachwa chini huoza kwa ndani huku nje ikiwa bado nzuri. Ni lazima ifunuliwe nyuzi zake na kutazamwa. Mabaharia wetu, wanaokagua henza na kapi kabla ya kupandisha foromali, hawatashangazwa na hili.

Ishara nazo ziandikwe ubaoni, juu na chini ya shimo, ziwe zile zile. Mwendeshaji hufuata ishara za mtu mmoja tu aliyeteuliwa, isipokuwa ishara ya kusimamisha: hiyo hutiiwa hata ikitolewa na mpita njia. Akiwa na shaka, asimamishe kwanza, aulize baadaye.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yetu, hautoki kwenye mtambo. Katika machimbo madogo malipo mara nyingi ni kwa mgawo wa kilichopatikana. Siku ambayo winchi haikuzunguka, hakuna aliyekula. Kijana mgeni anayekataa kuvuta kwa sababu breki inateleza huwa anawanyima chakula watu waliomtangulia umri na kazi. Anayefikiria kuingia kazi hii ajipime hapo kabla ya kupima nguvu za mikono yake. Mwajiri naye anapaswa kutamka mbele ya wote, siku ya kwanza, kwamba neno la mwendeshaji la kukataa haliadhibiwi.

Njia ya kuingilia ni ya hatua. Mtu huanza kuwa mfunga mizigo, kisha mtoa ishara, ndipo akabidhiwe mpini au lever chini ya usimamizi. Macho na masikio yapimwe na daktari. Mafunzo ya ufundi stadi hutolewa na vyuo vya VETA, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha uendeshaji wa mitambo. Ieleweke pia kuwa sheria ni mbili: Tanzania Bara hufuata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na Zanzibar hufuata Sheria Na. 8 ya mwaka 2005. Anayevuka bahari kwenda kufanya kazi aulize ukaguzi wa winchi anayopewa ulifanyika lini, na aonyeshwe karatasi.

Kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, ndoo tupu ishushwe hadi chini na kurudishwa. Tarehe, hali ya kamba, breki na jina la mwendeshaji viandikwe katika daftari linalokaa juu ya shimo.